Mfuko wa Ulezi wa Mniko

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Mokami alimshika mkono mdogo wake Mniko wakaenda shule, pale Nyamwaga. Mokami alikuwa darasa la sita, Mniko la kwanza. Mniko alikuwa mtoto mpole, lakini kelele zilimtesa. Kengele ya shule ilipogongwa tu, aliziba masikio akakimbilia kwenye mahindi. Mwalimu mkuu alichoka kumtafuta, akasema akitoroka tena atabaki nyumbani mpaka akue.

Mokami aliumia sana, maana Mniko ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusoma silabi. Akaamua kumtafutia dawa. Pale kwao kila mvulana alijivunia kengele ya ndama wake, kwa hiyo Mokami alifungua moja zizini, akaifunga kwenye begi la Mniko ili azoee kelele. Alijiona mjanja kweli. Hawakufika hata nusu ya njia. Mniko alilitupa begi, akalia, akapotelea mashambani.

Mokami alimtafuta huku akimwita. Hatimaye alimkuta kwa bibi yao, amekaa kando ya turubai la ulezi ulioanikwa, mikono imezama kwenye nafaka hadi viwiko. Alikuwa ametulia kabisa. Bibi alilalamika kwamba kila siku humfukuza hapo kama kuku, na kila siku hurudi.

Mchana Mwalimu Agustina, aliyefundisha darasa la kwanza, alikuja pale kwa bibi kumwulizia Mniko. Mokami alimwamkia, kisha akakiri habari ya kengele huku akitazama chini.

"Ulichagua kitu wanachopenda wavulana wengine," mwalimu alisema. "Mniko mwenyewe anapenda nini?"

Mokami alilitazama turubai. "Ulezi, mwalimu. Unamtuliza."

Basi wakakata kitambaa kizito cha suruali kuukuu, wakajaza ulezi, na bibi akashona mara mbili ili punje zisitoke zikaishia mdomoni au masikioni. Mfuko wa kwanza ulikuwa mwepesi, Mniko akausukuma. Wakaongeza ulezi mpaka akaukumbatia. Mwalimu Agustina alimwombea wiki moja ya majaribio kwa mwalimu mkuu, akaahidi kumtahadharisha Mniko kila mara kabla kengele haijagongwa.

Jumatatu kengele iligongwa. Mokami alichungulia dirishani. Mniko alikunja uso, akaubonyeza mfuko mapajani kwa mikono yote miwili, akabaki kwenye dawati. Mokami alishusha pumzi, machozi ya furaha yakamtoka. Ijumaa mwalimu mkuu alisema Mniko ataendelea na masomo.

"Nia yako ilikuwa njema tangu mwanzo," Mwalimu Agustina alimwambia Mokami, "ila ulikimbilia kumsaidia kabla ya kumtazama. Ukitaka kumsaidia mtu, mwangalie kwanza anavyojituliza mwenyewe. Atakuonyesha kinachomfaa."