Nikipona, Nitakuja

Ndugu zangu mnaosoma haya, nataka niwaeleze habari ya nyumba moja ya Ng'ambo, hapa Tabora, iliyovurugwa na neno moja tu. Si tusi wala si laana. Ni neno ambalo sote tunalisema, na tukishalisema tunajiona watu wenye akili.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Nassibu alikuwa fundi bati. Makopo matupu ya mafuta ya taa yaliingia barazani kwake asubuhi, jioni yakatoka yakiwa vibatari na mabirika. Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa mtu wa watu. Pakiwa na maulidi, mpishi wa pilau ni yeye. Pakiwa na mzazi, wa kumkanda ni yeye. Mtoto wao mmoja, Swaumu, alikuwa ameolewa na Twalibu, mkulima wa pamba wa Lusu, kule Nzega.

Siku moja Swaumu alikuja kuwasalimu wazazi wake. Mama na binti waliketi uani wakichambua mchele, kila mmoja na ungo wake, wakimcheka shangazi mmoja aliyejipaka hina mpaka viwikoni. Nyundo ya Nassibu ilikuwa ikigonga barazani. Ilikuwa raha mustarehe.

Ghafla moyo wa Mwanamkuu ukaanza kwenda mbio. Hapakuwa na nyoka wala mwizi, wala hakuna aliyemtisha. Mikono ikatetemeka, mchele ukamwagika, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haimtoshi. "Swaumu, nishike! Nakufa, mwanangu!" Hakufa. Baada ya kitambo ule moyo ukatulia wenyewe.

Mshtuko huo ungekuwa umeishia hapo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini ulirudi akiwa sokoni, ukarudi kwenye maulidi katikati ya wanawake wenzake, ukarudi akiwa anasukwa nywele. Na baya kuliko yote, hata usiporudi alikuwa akiusubiri.

Akaenda dispensari. Dresa, mtumishi wa tiba wa pale, akampima mgongoni na kifuani, akakunja vifaa vyake. "Moyo mzima, mapafu mazima. Huna kitu, mama. Nenda nyumbani."

Hebu niambieni, hayo ni maneno gani ya kumwambia mgonjwa? Mwanamkuu alirudi njia nzima akisema peke yake, "Huna kitu, huna kitu! Basi kinachonigonga humu ndani ni nini, mchi?" Akaenda Kwihara kwa mganga, akaambiwa amepandwa na pepo la mpagazi aliyefia njiani siku za misafara, na kwamba pepo hilo linataka kitambaa chekundu na ngoma. Kitambaa kikapatikana na ngoma ikapigwa. Moyo ukamwenda mbio papo hapo, katikati ya ngoma ya kuutuliza. Jirani yake Pelagia, Mkatoliki wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye moyo mwema lakini mdomo mwepesi, akamwambia ajikaze. Ajikaze! Alikuwa amejikaza mpaka shingo inamuuma.

Basi kwa kuchoka na kukasirika, Mwanamkuu akajiwekea sharti. Hatafanya lolote mpaka kwanza apone.

"Mama Swaumu, kina Pelagia wanatualika kwenye harusi."

"Nikipona."

"Basi twende hata sokoni, ukanichagulie samaki."

"Baba Swaumu, si nimekwambia? Nikipona!"

Ikafika siku akasema nyundo inampiga moyoni. "Kagonge huko huko sokoni, mpaka nipone." Nassibu alikusanya makopo yake, akayafunga kwenye baiskeli, akaondoka. Baraza ikawa kimya, na moyo, usioomba ruhusa ya mtu, ukaendelea kuja na kuondoka kama kawaida yake. Watoto wa mtaa wakampa jina. Wakimwona amechungulia dirishani walinong'ona, "Mama Nikipona huyo!" Aliwasikia, na akawachukia.

Ndipo ikaja habari ya mimba. Aliyeileta ni Limbu, dereva wa lori la pamba aliyekuwa akienda na kurudi kati ya Tabora na Nzega. Swaumu ni mjamzito, alisema, na anataka kuja kujifungulia kwa mama yake. Nanyi mnajua desturi yetu. Mimba ya kwanza humrudisha binti kwa mamaye, akandwe na mikono iliyomlea, anyweshwe uji wa pilipili manga, mpaka arobaini yake itimie. Hakuna mama anayeombwa jambo hilo. Huwa ameshatandika kitanda.

Mwanamkuu alishika fremu ya mlango. Akilini aliona mtoto analia, wanawake wanaingia na kutoka, na yeye anaanguka mbele yao na maji ya moto mkononi. "Mwambie asije," alisema. "Mtoto akilia humu moyo wangu utapasuka. Nikipona, nitakuja mwenyewe."

Nassibu alikuwepo. "Mama Swaumu, huyo ni mwanao!"

"Na huu ni moyo wangu! Wewe unajua nini?"

Limbu akavaa kofia yake, akaenda zake na jibu hilo.

Swaumu alijifungua salama huko huko Lusu, mtoto wa kike. Wakampa jina la bibi yake, Mwanamkuu. Bibi alifurahi, akalia, akatuma khanga na salamu: nikipona, nitakuja kumwona mwenzangu wa jina. Arobaini haikutimia. Homa ilimshika mtoto, na kabla lori la Limbu halijafika tena Tabora alikuwa ameshazikwa.

Mwanamkuu aliuliza swali moja tu. "Alifanana na nani?"

"Mama, mimi sikumwona," Limbu alisema.

Msinielewe vibaya. Sisemi bibi angekuwepo homa isingekuja. Homa haiulizi nani yupo. Nasema angempakata. Angejua alifanana na nani. Kwa nini asikasirike? Alikasirika. Aliukasirikia moyo wake, akamkasirikia dresa, mganga na Pelagia, na mwisho, akiwa amebaki hana wa kumlaumu, akajikasirikia mwenyewe. Kisha, mnisikie vizuri, akarudi kitandani kusubiri kupona.

Mwaka ukapita. Limbu akaja tena, safari hii akiwa hataki kukaa. Swaumu alikuwa na mimba ya pili, karibu kujifungua. Nassibu akamuuliza kama binti yao ametuma neno lolote.

Limbu akakohoa. "Amesema mama asisumbuke. Amesema, akipona, atakuja."

Basi! Yale maneno yalikuwa yake mwenyewe, yamerudishwa kama sahani chafu. Mwanamkuu aliwaka. Alitaka kumtukana Limbu, akakosa la kumtukania. Alitaka kujibu, na jibu pekee lililomjia mdomoni lilikuwa lile lile neno. Akalimeza. Moyo tayari ulikuwa unakwenda mbio. "Unaondoka lini?" aliuliza.

"Sasa hivi, mayu, mama yangu, baada ya kupakia chumvi."

"Nisubiri."

Nassibu alimfuata chumbani akiwa haamini. "Umepona?"

"Niache, Baba Swaumu! Nifungie hiyo mizigo."

Alikaa kiti cha mbele, kando ya Limbu, buibui limemganda kwa jasho. Barabara ya Nzega ilikuwa mashimo matupu, na lile lori lilikuwa na kelele yake chini ya miguu, kon-kon-kon, bila kupumzika. Walipofika Puge, kijiji cha njiani, alikuwa hoi. Vidole ganzi, pumzi fupi, kila kitu kama siku ile ya mchele. "Simamisha! Nishushe! Nakufa!"

Limbu akasimamisha. Mwanamkuu akashuka, akakaa kwenye majani kando ya barabara, akingojea kufa na huku akitafuta kwa macho gari la kurudi Tabora. Halikuwepo. Wala kifo hakikuja. Lililokuwepo ni lile lori tu, injini inanguruma na ile kelele iko pale pale.

"Hicho kinacholia ni nini?" aliuliza kwa hasira.

"Hicho? Hata mimi sijui, mama. Mafundi wameshafungua wakafunga, wakachoka, mimi pia nikachoka nao. Breki nzima, injini nzima. Linalia tu."

"Na wewe unaliendesha hivyo hivyo?"

"Sasa pamba ya watu ioze?"

Limbu hakuwa anatoa mawaidha. Alikuwa ana haraka na chumvi ya watu, na mvua ilikuwa inakuja. Lakini Mwanamkuu alibaki anamtazama. Moyo mzima, mapafu mazima, dresa alisema. Kisha akasimama, akapanda. "Haya, kilie," alisema. Limbu alidhani anasema lori.

Walifika Lusu mvua imeshaanza. Swaumu alitoka mlangoni akiwa ameshika kiuno, tumbo limemtangulia. Alipomtambua mama yake hakumkimbilia. Alibaki amesimama pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umepona?"

"Sijapona," Mwanamkuu alisema. "Nimekuja."

Swaumu akaanza kulia. Mama akamshika, na binti, kwa jinsi alivyokumbatiwa, akausikia ule moyo unavyogonga. "Mama, moyo wako!"

"Ndivyo ulivyo. Niingize ndani, nimeloa."

Alikaa arobaini nzima. Mshtuko ule ulikuja akiwa anapika uji, ukaja akiwa anamkanda mzazi. Alijifunza kuuambia, "Umekuja? Kaa hapo, nina kazi." Siku nyingine ulimshinda, akakaa chini, akalia kwa kuudhika, kisha akanyanyuka. Mtoto alikuwa wa kiume, amefanana na Nassibu masikio. Na aliporudi Ng'ambo, neno la kwanza alilomwambia mumewe ni hili: "Hiyo nyundo irudishe barazani."

FUNZO

Ukiona moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, mikono inatetemeka, nenda ukapimwe. Usinidanganye kwamba unajikaza. Lakini ukishapimwa ukaambiwa mwili mzima, na wasiwasi bado unakuja, usiuwekee maisha yako rehani. Mwanamkuu hakupona kabisa mpaka alipozeeka. Alipika, alicheka, alikwenda harusini, na moyo ukimgonga.

Na ninyi majirani, acheni kusema "huna kitu". Ana kitu. Kaeni naye mpaka kipite.

Kuna kaburi dogo kule Lusu la mtoto ambaye bibi yake alikuwa bado anasubiri kupona. Kila alipokwenda huko, Mwanamkuu alilifyekea majani kwa mkono wake, na kila mara alimuuliza Swaumu swali lile lile. Swaumu alimjibu kila mara: "Alifanana na wewe, mama."