Shahidi wa Dirishani

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mama alimwuliza binti yake swali lile lile: "Kidomo, shahidi kasemaje leo?"

Shahidi ilikuwa chupa ya kioo. Mama alikuwa msimamizi wa mabwawa ya majitaka, ambako uchafu wa vyoo vya mji mzima ulipita bwawa hadi bwawa ukitulia na kusafishika, ndipo maji yakaachiwa mtoni. Chupa ilijazwa kwenye bwawa la mwisho, ikawekwa dirishani. Maji yakiwa meupe, lango la mtoni lilibaki wazi. Yakiwa na tope, mama alilifunga upesi.

Tangu mama ateguke mguu, kazi ya kujaza chupa ilimwangukia Kidomo, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kupiga soga. Bwawa la mwisho lilikuwa mbali, njia utelezi mtupu, harufu ya kukata pumzi. Na pale getini kwao, Mashavu, shoga yake, alikuwa akimsubiri waende shule, na umbea wa moto. Basi siku moja Kidomo akajaza chupa bombani, hatua tano kutoka mlangoni. Kesho yake tena. Zikafika siku tisa.

"Shahidi kasema meupe kabisa, mama."

"Haya, lango libaki wazi."

Siku ya kumi Mashavu hakuwepo getini. Kidomo alimkuta darasani, kajiinamia dawatini.

"We, umemeza ndimu?"

"Niache. Mdogo wangu kalazwa. Anahara tangu juzi, macho yameingia ndani. Watoto wote wa bondeni wanaooga mtoni wanaumwa. Nesi anasema mto umechafuka."

Kidomo aliuacha mkoba wake pale pale. Aliomba ruhusa, akakimbia hadi bwawa la mwisho, akachota kwa chupa nyingine. Maji yalikuwa meusi, yananuka. Aliiweka chupa dirishani, kando ya ile ya asubuhi.

"Hii ndiyo ya bwawani, mama. Ile… ile ni ya bombani. Zote zilikuwa za bombani."

Mama hakufoka. Kidomo alitamani afoke. Mama alishika fimbo yake, akachechemea hadi langoni, akazungusha gurudumu la kulifunga mpaka likagota. Kisha akatuma watu waonye bondeni, mtu asiguse mto, akawaita mafundi. Bomba kati ya mabwawa lilikuwa limezibwa na matambara, uchafu ukafurika moja kwa moja hadi bwawa la mwisho. Waliyavuta siku tatu. Siku ya sita ndipo maji ya chupa yalipoanza kung'aa.

"Kwa akina Mashavu utakwenda mwenyewe," mama alisema.

Alikwenda. Mtoto alikuwa amerudi kutoka hospitali, shingo kama kijiti. Mashavu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu.

Jioni mama alimketisha karibu. "Mwanangu, sikukutuma maji tu. Nilikutuma ukweli. Ungeniletea ukweli unaonuka, ningeufanyia kazi siku ile ile. Umeniletea uongo mweupe, nikaamini, na walioumia ni watoto wa watu. Ukitumwa kuona, nenda ukaone."

Kisha akamkabidhi chupa tupu.

Asubuhi Kidomo alipita getini. Hapakuwa na mtu wa kumsubiri. Akaendelea na njia ya utelezi, peke yake, hadi bwawa la mwisho.