Hodi Kutoka Ndani

Aliyemwambia jambo hili kwanza ni wifi yake, tena kwa utani, akiwa jikoni anamenya viazi.

"Wifi, siku hizi mnapigiwa hodi kutoka ndani?"

"Kutoka ndani vipi?"

"Nimepita kwenye chumba cha kaka, nikasikia mtu anabisha hodi. Mlango umefungwa, kaka yuko kazini. Au kakuletea mke mwenza wa bati?"

Wakacheka. Mumewe alikuwa akikusanya gramafoni za kale, na mtaa mzima ulimwita Bwana Pembe kwa sababu ya pembe za bati zilizojaa chumba kile. Kila gramafoni aliipa namba, akaifungia kikaratasi chenye mwaka wake, kisha akawauliza wakusanyaji wenzake habari zake kama mtu anayetafuta ukoo. Mkewe hakuwa na neno. Alikuwa mwanamke wa haya, na maneno yake yote alimwekea mtoto wao wa miaka miwili, aliyekuwa na domo kama kasuku.

Mume aliporudi, alimuuliza.

"Ah, ni ile mpya! Haipigi santuri bapa. Ina bomba la nta, nene kama gunzi la muhindi, na sauti imechorwa juu yake. Mtu wa zamani alibisha hodi humo. Mara ya kwanza nilishtuka, nikajibu 'karibu'!"

"Mtu mzima unaikaribisha nta?"

"Ulimi una mazoea, mke wangu. Ukisikia hodi utasema nini?"

Baadaye akajiuliza: kama mumewe alikuwa kazini, nani aliitia ufunguo ikazunguka?

Tangu siku hiyo nyumba ikawa inanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kisha mtoto akapoteza neno "maji". Alionyesha kikombe, akafungua kinywa, kisitoke kitu. Likafuata "baba". Daktari alimmulika koo, akasema ni zima kabisa. Na siku moja mchana, jua likiwa kali na nguo zikiwa mapajani mwake anazikunja, mama yule alisikia "Mama!" kutoka chumba cha gramafoni, akainuka mbio kama mama yeyote, akafika mlangoni, ndipo akahisi sketi yake inavutwa kwa nyuma, akatazama chini akamwona mwanawe amesimama pale pale, kinywa kimefumbwa, machozi yanamtiririka, na sauti yake ikiendelea kumwita kutoka upande wa pili wa mlango.

Alichukua mchi ili akaivunje gramafoni ile. Mumewe akamshika mkono.

"Usiivunje!" alinong'ona. "Sauti ya mtoto imo humo."

"Basi tuiache ilie?"

"Ikilia sana, sindano inakwangua nta. Sauti inalika."

Walijaribu kuhama. Walipofika getini mtoto alibanwa na pumzi, midomo ikamgeuka rangi, wakarudi naye ndani mbio, na alipovuka kizingiti tu akapumua. Nyumba ilikuwa imewameza.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiyependa maneno mengi. Alinusa, akaketi.

"Jini lingeingia lenyewe, ningelitoa leo hii. Hili limebisha hodi, likakaribishwa. Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi, anaombwa."

"Nimelikaribisha mimi," mume alisema. "Lichukue sauti yangu."

Akainamia pembe, akasema hata jasho likamtoka. Bomba halikuzunguka.

"Baba, wewe halikuiti," mganga alisema taratibu. "Linamwita nani?"

Wote wawili wakamtazama mke. Ndani ya pembe, "Mama" ilikuwa imeshakuwa nyembamba kama uzi, na ndipo yule mwanamke ambaye hata mbele ya mashemeji huongea ameziba mdomo kwa kanga alipopiga magoti, akaweka midomo yake kwenye bati lile baridi, akasema, "Naam, mwanangu. Mama yupo," akarudia, na kila aliporudia bomba lilizunguka kwa kasi zaidi na neno likamtoka jepesi zaidi, mpaka mara ya mwisho midomo ilicheza peke yake, bila sauti.

Sebuleni mtoto akapiga kelele: "Maji!"

Mume alilia kama mtoto mwenyewe. Mganga hakungoja hata shukrani.

Asubuhi yake mtoto aliamka, akashuka kitandani, akaita, "Mama!"

"Naam, mwanangu," ikajibu sauti ya mama yake nyuma ya mlango uliofungwa. "Njoo."

Neno "njoo" mama hakulisema jana.

Mtoto akatabasamu, akakimbilia kule. Mama akamwahi, akaketi sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, akaanza kupiga makofi kwa nguvu zake zote, ili mwanawe asisikie anavyoitwa.