Mke Asiyebadilika

Saa nane usiku Shamsia alisikia mausi ya kompyuta ikibonyezwa sebuleni, mara nane, kimya, mara nane, kimya. Akadhani mumewe bado anafanya kazi. Akapapasa upande wa pili wa kitanda, akamkuta Hashiru amelala fofofo.

Hakwenda kuangalia. Nani angekwenda? Alimvuta mtoto kifuani, akasubiri adhana.

Walipanga chumba na sebule huko Sofu, Kibaha, na Hashiru kazi yake ilikuwa kuchora watu wa gemu za simu kwa kampuni moja ya Dar. Miezi hiyo alikuwa anamchora msichana aliyejitwika ndoo. Picha nane, mguu mbele, mguu nyuma, ukizipitisha harakaharaka msichana anatembea. Lakini kwenye zote nane lazima awe mtu yuleyule, maana pua ikisogea kidogo au mkono ukirefuka kwenye picha moja tu, anatetemeka kama mwenye homa. Zamani Shamsia ndiye aliyetembea uani na ndoo, Hashiru akamrekodi, kisha akachora. Alipojifungua, picha mpya zikagoma kufanana na za mwanzo.

"Kila wiki una kiuno kingine," Hashiru alimwambia siku moja, magharibi ndiyo inaingia, huku anacheka. "Laiti ningepata mwanamke asiyebadilika."

Maneno ya kusema saa ile hayo? Tangu hapo hakumwomba tena atembee. Picha zikaanza kufanana zenyewe, na sebule ikaanza kunukia asumini, na wao asumini hawana hata kichaka.

"Nani anakuja hapa nikienda sokoni?"

"Nani tena?"

"Huyo unayemchora."

"Namtoa kichwani, Mama Zawadi."

"Kichwani mwako kuna mwanamke anayejitia asumini?"

Hashiru akacheka, ila macho hayakutoka kwenye skrini.

Wivu ukamla Shamsia. Siku mumewe alipokwenda Tumbi, aliifungua ile kazi, na kwenye picha ya tano akamchora msichana kovu dogo kwenye kifundo cha mkono, kovu lake mwenyewe, la mafuta ya sambusa. Alitaka picha moja tu iharibike, huyo mrembo atetemeke, Hashiru amchoke.

Asubuhi picha zote nane zilikuwa na kovu, na kifundo cha Shamsia kilikuwa laini kama hakijawahi kuungua, na Zawadi, ambaye akinyonya hulishika lile kovu kwa vidole, alipapasa, akapapasa tena, hakulikuta, akaachia ziwa, akageuza kichwa kuelekea kwenye kompyuta na kuinyooshea mikono kama anaomba kubebwa.

Shamsia alimweleza mumewe yote. Hashiru akazifuta picha mbele yake. Maji ya chai hayajachemka, zimerudi.

Siku hiyohiyo, na mtoto mgongoni, walifika Masaki ya Kisarawe, kwa Bi Mwanamkuu, shangazi yake Hashiru, anayepunga majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaeni. Na huyo wa nne naye akae."

Ubani ulipoanza kufuka, Hashiru akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kike, ya upole.

"Mimi sikuvamia nyumba ya mtu. Mume aliniita magharibi, kwa mdomo wake. Mwenzangu akanitia alama yake kwa mkono wake mwenyewe. Nipeni haki yangu ya mke. Nataka zamu."

Bi Mwanamkuu alibishana naye kama watu wanavyobishania mahari, tangu alasiri mpaka isha. Yule jini alikuwa anataka nusu ya siku za wiki. Akashuka mpaka usiku mmoja, wa kuamkia Ijumaa, na kovu arudishe.

"Sema umekubali, mwanangu."

"Shangazi, nimgawe mume wangu?"

"Umeshamgawa. Hapa tunatafuta ubakiwe na siku ngapi. Na usimtaje kwa watu. Mke mwenza hasengenywi."

Akakubali. Kovu likarudi palepale, linawasha.

Basi kila Alhamisi usiku Shamsia alilala sebuleni na mtoto, pamba masikioni, na bado alimsikia Hashiru akicheka chumbani, kicheko kile cha siku za mwanzo za ndoa ambacho yeye alishakisahau. Hofu angeivumilia. Kicheko kilimshinda. Jumatatu moja, wakichambua mchicha, akamwambia jirani yake Recho kila kitu.

"Makubwa hayo," Recho alinong'ona. "Mimi ningemwachia mume na kompyuta yake."

Keshokutwa yake usiku Shamsia alitoka kwenda chooni uani, na aliporudi alikuta mlango wa chumba umefungwa kwa komeo la ndani, mto wake na kanga zake viko kizingitini, vimekunjwa vizuri, vimepangwa vizuri, na Zawadi kalazwa juu yake, usingizini, ananukia asumini, na mle ndani Hashiru anacheka, na ilikuwa Jumatano.

Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Dada, nisamehe," alinong'ona. "Ni mmoja tu niliyemwambia. Simwambii mtu mwingine."