Kijiwe Chini ya Ulimi

Nyumbani kwa Bibi Mariamou, kijijini Ambanoro, wanawake hula sinia moja. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru walikuwa watatu: Mariamou, mkwewe Chamsia, na Rabiata, jirani mjane asiye na ndugu kisiwani.

Ghafla Chamsia akaanza kuvimba. Akila, chini ya taya hututumka. Akimaliza, uvimbe hunywea taratibu.

"Ni jicho la hasidi hilo," alisema Mariamou, huku akimkodolea macho Rabiata.

Tangu siku hiyo Rabiata hakuitwa kula. Mtaa mzima ukajua sababu. Maskini, akawa anapita kichwa chini.

Siku moja akaja Soudjay, muuguzi wa mjini Hell-Ville.

"Kwezi, Mama," alimwamkia Mariamou. Kisha akamgeukia Chamsia. "Unavimba wakati gani?"

"Nikila. Achari ya embe ndiyo mbaya zaidi. Hata nikiinusa tu!"

"Na Rabiata asipokuwapo?" aliuliza Soudjay, aliyekwisha kusikia uvumi wa mtaa.

"Haji tena. Na bado navimba."

Mariamou akajitia hasikii.

"Mate hutoka kwenye tezi," alieleza Soudjay. "Hupita katika mfereji mdogo hadi chini ya ulimi. Mfereji ukiziba, mate hujaa nyuma. Usichanjwe wembe hapo! Nenda hospitali ya Mahajanga, ng'ambo, ukapigwe picha."

"Mpiga picha wa hapa hawezi?" aliuliza Mariamou.

"Hii ni eksirei, Mama. Huonyesha yaliyo ndani."

Wakapanda meli, Mariamou naye, kwa ubishi wake. Hospitalini, Chamsia aliwekewa filamu ndogo mdomoni.

"Ing'ate taratibu. Usitikisike," alisema muuguzi wa pale.

Hakuumia hata kidogo. Daktari akawaonyesha picha. Chini ya ulimi palikuwa na doa jeupe. Alisema kwa Kifaransa, muuguzi yule wa hospitali akawafasiria:

"Ni kijiwe. Vijiwe vingine havionekani wazi hivi. Kingekuwa cha namna hiyo, tungetia mferejini dawa inayoonekana kwenye picha, tujue inakwama wapi."

Daktari akatia ganzi, akapasua kidogo, akakitoa. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Mariamou alikitazama kiganjani mwake, akaona aibu kubwa.

Waliporudi Ambanoro, hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Rabiata, mchana kweupe, majirani wakitazama.

"Rabiata, lilikuwa jiwe. Nilikusingizia mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele yao."

Rabiata alifungua mlango nusu.

"Chamsia anakula?"

"Anakula, wala havimbi."

"Alhamdulillahi." Alifuta machozi, akafungua mlango wote. "Mwite, muingie basi. Leo mtakula kwangu."