Mrija wa Fundi Bomba

Koki ikipasuka, mtaa mzima ulimwita fundi bomba. Alijiamini mno, na mara nyingi hakukosea. Mke wake, mshonaji, alikuwa na figo zisizofanya kazi. Mara tatu kwa wiki aliunganishwa na mashine ya hospitali inayosafisha damu.

Wiki moja, mirija ya kupitishia damu kwenye mashine iliisha hospitalini. Mke akakosa zamu mbili. Miguu ikamvimba, akawa anahema hata akiwa ameketi.

Asubuhi mumewe alimfikisha hospitali, kisha akaenda moja kwa moja maabara. Mpimaji wa damu hapo alikuwa mdogo wa mkewe.

"Shemeji, nimeleta mrija. Mpya, upana uleule, nimeuchemsha mara mbili. Waambie waufunge."

"Ni mrija wa nini huo?"

"Wa maji. Bomba safi ni bomba safi!"

"Maji hayana uhai, shemeji. Damu inao."

"Dada yako anakufa, wewe unanipa darasa?"

Maneno hayo yalimchoma shemeji. Yeye pia aliogopa sana.

"Daktari amemwekea oksijeni," alisema. "Hospitali nyingine wana mirija. Gari la wagonjwa linafika baada ya saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu! Unamsikia anavyohema?"

"Namsikia. Nipe mkono wako, tuupime mrija huo kwa damu yako."

Akamtoa damu, akaichanganya na maji ya chumvi ya hospitali katika chupa mbili ndogo. Katika moja alitia vipande vya mrija wa fundi. Katika nyingine alitia vipande vya mrija wa hospitali. Akaziweka kwenye joto kama la mwili.

Wakangoja saa nzima. Fundi alitembea huku na huku. Kila mkewe alipokohoa chumba cha pili, alisimama.

Mwishowe shemeji alizungusha chupa kwenye mashine ili chembe za damu zizame. Chupa ya mrija wa hospitali ilibaki na maji maangavu juu. Katika chupa ya fundi, maji ya juu yalikuwa mekundu.

"Maana yake nini?" aliuliza fundi kwa sauti ndogo.

"Chembe zimepasuka, zimemwaga wekundu wake. Mrija wako umezidhuru. Na hivi ni vipande tu! Damu yote ya dada ingepita humo kwa saa nne."

"Na kama maji yangekuwa maangavu?"

"Bado nisingekubali. Lazima upimwe pia kama unagandisha damu, na kama una sumu. Vipimo hivyo hufanywa kabla mrija haujamfikia mgonjwa."

Fundi aliketi sakafuni.

Gari lilifika. Katika hospitali ya pili, muuguzi alitoa pakiti ya mirija. Fundi aliomba aione kwanza. Haikuwa imefunguliwa wala kutoboka. Iliandikwa kuwa ni ya mashine ya kusafisha damu. Tarehe yake haikuwa imepita. Akamrudishia muuguzi aitumie.

Baada ya saa nne, mkewe alipumua vizuri.

"Nasikia ulitaka kunifunga kama sinki," alisema.

Fundi alicheka, kisha akalia. "Ningekuua kwa mikono yangu, mke wangu."

"Pakiti ya leo uliikagua?"

"Niliikagua. Nitaikagua kila mara."

"Basi ilete hapa hiyo mikono," alisema mkewe, akaishika yote miwili.