Mshipa Unaozurura Hadi Tumboni

Ernestina aliipua ugali, akauweka kwenye sinia pamoja na maharage. Mumewe, Margwe, alifunga mlango kwa komeo. Akakaa ameuegemea, fimbo mapajani, kama mtu anayelinda benki. Kisha akaanza kula. Kula gani huko! Tonge la kwanza halijafika tumboni, la tatu limeshaingia mdomoni.

"Baba Felician, huo ugali hauna miguu," alisema Ernestina.

"Nyamaza. Hujamsikia?"

Nje mtu alikohoa. Alikuwa Gidahosh, jirani yao, mfugaji aliyetoka upande wa Hanang. Margwe alimeza haraka zaidi. Baada ya muda mfupi akaanza kucheua. Tumbo likajaa kama ngoma, kifua kikawaka moto.

Zamani, kule mlimani Tlawi, nyumba zilikuwa mbalimbali. Hakuna aliyejua jirani amekula nini. Ulipofika mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mstari, mlango ukatazama mlango. Tangu hapo Margwe hakula kwa raha.

"Ana jicho baya," alisema akishika tumbo. "Kila nikila, anakuja kukohoa. Jumapili nitasimama mkutanoni. Nitataka afukuzwe kijijini."

Ernestina alishtuka. Mvua zilikuwa karibu. Gidahosh angempeleka wapi mkewe mja mzito? Na je, akifukuzwa, halafu tumbo lisipone? Alimjua mumewe. Ukimwambia aache, ndiyo anakaza. Basi akapita njia ya pembeni.

"Mkutano utakuuliza ushahidi," alisema kwa upole. "Twende kwa nesi akupime. Akiona uchawi tumboni, atatuandikia."

"Hapo umesema!" Margwe alifurahi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa koti.

Nesi Chiku alikuwa mwenyeji wa Kondoa. Alikuwa mwembamba, lakini akikutazama unakumbuka hata ugonjwa uliopona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimerogwa. Andika."

"Nitaandika, lakini kwanza lala hapa."

Alimbonyeza tumbo. Akapima choo na mkojo. Akauliza: "Umewahi kutapika damu? Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami? Umekonda sana?" Margwe alijibu hapana kwa yote.

"Sijaona minyoo, sukari wala uvimbe," alisema nesi. "Sasa niambie, unakulaje?"

Margwe akajifanya anafunga kifungo cha koti. Ernestina ndiye aliyejibu, tena kwa vitendo. Alikaa ameegemea mlango, akashika mwavuli wa nesi kama fimbo, akameza matonge ya hewa huku amekodoa macho. Nesi alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mzee, weka kidole hapa kwenye kifundo cha mkono. Unasikia mapigo? Vuta pumzi. Sasa itoe polepole, kama unapoza uji."

Margwe alitoa pumzi. Uso wake ukabadilika. "Yanapungua! Nani ameyapunguza?"

"Mshipa wa fahamu. Unaitwa vagasi. Unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unafika kwenye moyo na mapafu, halafu unashuka mpaka tumboni na kwenye utumbo. Jina lake maana yake ni mzururaji."

"Mzururaji? Serikali inajua?"

"Huyu anazurura akifanya kazi. Analiambia tumbo lisage chakula na kutoa maji yake. Tena anapeleka habari juu: tumejaa, tumeshiba, kuna maumivu. Habari zinazopanda ni nyingi kuliko amri zinazoshuka."

Ernestina alijishika tumbo kwa heshima. Miaka yote hiyo amembeba mfanyakazi hodari namna hii, na hata hajamsalimia!

"Sasa mzee, mtaje jirani yako."

"Gidahosh!" Mapigo yakaanza kukimbia. "Umeona? Ananiroga kutoka huko!"

"Yeye yuko malishoni, hana habari. Hofu yako ndiyo inayoukimbiza moyo. Mwili ukiogopa, unajiandaa kukimbia au kupigana. Mshipa huu unapunguza kazi yake, tumbo linasaga polepole. Wewe unalirundikia matonge makubwa. Litaacha kuwaka?"

Alieleza pia kwamba ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari, unaweza kuuharibu mshipa wenyewe, na chakula kikachelewa tumboni. Ndiyo maana alipima mkojo. "Kula umetulia, tafuna vizuri, pumua taratibu. Ukiona damu, choo cheusi, au unakonda, njoo upesi. Hayo hayatibiwi kwa pumzi."

Jioni ile Margwe alisimama mbele ya komeo muda mrefu. Mwishowe akauacha mlango wazi. Tonge la kwanza alilitafuna mpaka Ernestina akadhani amelala.

Nje mtu akakohoa. Gidahosh alisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa.

"Hatimaye!" alisema. "Kwetu mtu haibuki mlangoni kimya kama mwizi. Nakohoa, mlango umefungwa, narudi na maziwa yangu. Nikasema, hawa wananichukia."

Margwe alitoa pumzi polepole. Akampisha nafasi kwenye sinia. "Karibu ukae," alisema.

Jumapili mwenyekiti aliita, "Margwe, ulisema una jambo." Ernestina alishika mapigo yake mwenyewe. Margwe alisimama, akamtazama Gidahosh.

"Jambo langu ni kengele ya kutuita shamba la kijiji," alisema. "Inapigwa watu wakiwa na tonge mdomoni. Icheleweshwe kidogo. Tumbo haliwezi kufanya kazi likifokewa."

Watu walicheka, lakini wakaipitisha hoja.

Kiungulia hakikuisha siku moja. Kilipungua kidogo kidogo, na mavuno yalipofika Margwe alikuwa analala bila kujishika kifua. Mke wa Gidahosh alikuwa amejifungua salama, nyumba ileile.

Sasa Gidahosh ana shida nyingine. Akikaribishwa, hawezi kuondoka mapema.

"Margwe, ng'ombe wananisubiri. Meza basi!"

"Tulia, jirani," anajibu Margwe, akitafuna. "Nikikuacha uende, nitakula na nani?"